Kilichokuwa Chini ya Unga

Walikale, tarehe 8 Machi 1953

Kwa dada yangu Marie Nyiramana, Burungu

Dada mpenzi,

Amani ya Kristo ikukute mzima wewe na watu wote wa mlimani. Sisi huku tuko salama, mimi na mke wangu Emérence, na mtoto wetu Colette, ambaye sasa anahesabu vizuri mpaka kumi na moja halafu anarudi saba. Joto la huku bado linatushangaza. Emérence anauliza kama goti lako limepona. Msalimie sana katekista Polycarpe, maana najua ndiye anayekusomea barua hii, na nikimsahau ataisoma mbiombio.

Dada, kazi iliyonileta imekwisha. Milango kumi na minne ya dispensari iko mahali pake, na vitanda pia. Nilidhani tutafunga mizigo tuje kwako kabla ya Pasaka. Lakini karani wa ofisi aliniita akasema kituo kinakua, kinahitaji seremala wa kudumu, na kuna kiwanja karibu na mto Lowa ambacho ni changu nikikubali kuandikwa mtu wa hapa. Nikikataa, nirudi Burungu na wapewe wengine. Amenipa muda mpaka Noeli.

Nimeona nikuulize wewe kwanza. Mama alipokufa nilikuwa na miaka mitatu. Ulinibeba mgongoni ukilima, na wachumba wawili waliondoka bila jibu kwa sababu ulisema huwezi kumwacha mtoto. Shule ya misioni nimeisoma kwa kuni ulizokata na kuuza wewe. Haya yote sikuwahi kukuambia asante nikikutazama usoni, kwa sababu ungenituma nikachote maji.

Sasa nakumbuka asubuhi tulipoondoka, Oktoba iliyopita. Ulisimama mlangoni ukatupa mfuko wa unga wa mtama. Mama alituachia desturi yake, na wewe uliirudia mara nyingi: anayekwenda kutembea hupewa unga, anayehama hupewa mbegu, na mbegu hutolewa na mwenye kitunga, yule anayetunza kikapu cha mbegu za nyumba, kwa mkono wake. Ulitupa unga. Kwa hiyo nauliza: kama ningetaka kukaa huku, ungesemaje?

Ndugu yako,
Séraphin Hakorimana


Burungu, tarehe 2 Mei 1953

Kwa Séraphin

Ndugu yangu,

Barua yako ilifika imelowa, lakini Polycarpe aliikausha juani akaisoma mara mbili. Goti langu ni zima. Usisikilize wanaosema ninachechemea. Mvua imekuwa nyingi na maharage yamepanda miti yake mpaka hayaonekani mwisho. Kanyamibwa, mtoto wa baba yetu mdogo, amepata mtoto wa sita, na shamba lake ni lile lile. Sebarenzi, yule mgane wa Shasha anayetuletea samaki wakavu na chumvi, alipita tena. Anasema huko kandokando ya ziwa upepo unabeba hata kofia ya padri. Anaongea sana yule mtu. Alikula kwangu.

Umeniuliza ningesemaje. Séraphin, nilikulea, na tena nilidhani nilikulea vizuri. Jibu ulikwenda nalo. Sitalirudia kwa mdomo, unajua hairuhusiwi.

Wewe niambie habari za shamba. Mmepanda nini? Kimeota? Usiniandikie tena habari za milango, milango haioti. Niambie kilichoota.

Colette afundishwe kufika ishirini.

Dada yako Nyiramana,
kwa mkono wa Polycarpe


Walikale, tarehe 20 Juni 1953

Dada mpenzi,

Tunakusalimu kwa moyo wote, na tunashukuru kusikia goti ni zima, ingawa msafiri mmoja wa Kitchanga ametuambia vingine. Emérence ana mimba, Mungu akipenda atajifungua Novemba.

Umeuliza habari za shamba. Tuna mihogo nyuma ya nyumba, ile michungu ya huku inayolowekwa mtoni siku tatu, na migomba tisa. Yote tumepewa na jirani yetu Mama Emérita, mwenyeji wa hapa. Ndiye aliyemfundisha Emérence kuloweka, na bila yeye tungejiumiza tumbo, maana sisi wa mlimani tumezoea mihogo mitamu. Mtu huyu alitupokea tangu wiki ya kwanza, nami sijui mpaka leo ni kwa wema gani tuliomfanyia. Colette anashinda kwake akiongea lugha ya huku kuliko yetu.

Jibu lako nimelielewa. Tuliondoka na unga. Kwa hiyo neno lako ni turudi, na mimi si mtu wa kukubishia. Nitamwambia karani kabla ya Noeli kwamba kiwanja wampe mwingine. Emérence nilipomwambia alikwenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Usimchukie kwa hilo. Alilelewa na masista misioni, hakuwahi kuwa na nyumba, na hii ndiyo ya kwanza anayoiita yake.

Lakini sitakuacha peke yako mlimani, dada. Nisingekuwa mtu.

Séraphin


Walikale, tarehe 13 Septemba 1953

Dada,

Miezi karibu mitatu bila neno lako. Dereva wa lori la mbao anasema barua aliikabidhi kule Sake. Kama una ugonjwa, Polycarpe aandike hata mstari mmoja. Kama ni hasira, aandike pia.

Séraphin


Burungu, tarehe 11 Oktoba 1953

Kwa Séraphin

Sina ugonjwa. Barua zako zote mbili zilifika. Sikuwa na la kusema.

Mavuno yalikuwa mazuri. Nilipanda ngazi mwenyewe nikatengeneza paa la nyumba yako, kwa sababu naona unarudi. Kanyamibwa alinisaidia kuvuta nyasi. Sebarenzi alikuja na samaki nikamwambia apite na kwa watu wengine, si lazima kila mara aanzie kwangu.

Kuhusu yale niliyokupa, naona hukuyapenda. Umeandika mihogo, umeandika migomba, umeandika hata jirani, na kile changu hukukitaja. Basi. Mtu halazimishwi zawadi. Mkija, njooni kabla ya mvua kubwa kwa ajili ya tumbo la Emérence. Nitafurahi kuwaona, hilo sikufichi.

Nyiramana

Bwana Séraphin, hapa chini ni mimi Polycarpe ninayeandika kwa ajili yangu, na mistari hii sitamsomea dada yako. Jumamosi nitaungama. Mwiko wa nyumba yenu unakataza kutaja mbegu iliyotolewa mpaka itoe mavuno ya kwanza. Mimi si wa nyumba yenu, mwiko haunifungi. Muulize mke wako kilichokuwa chini ya unga. Muulize pole pole. Tena fanya haraka kujibu, kwa sababu kuna mtu mwingine ambaye maisha yake yanangoja jibu hilo, ila hayo kwa kweli si yangu kusema.


Walikale, tarehe 6 Desemba 1953

Dada yangu mpenzi,

Kwanza habari njema: tarehe 19 Novemba Emérence amejifungua mtoto wa kike, na wote wawili ni wazima. Tumemwita Marie. Unajua ni kwa ajili ya nani.

Sasa keti chini. Polycarpe naye akae, maana ana hatia yake humu.

Barua yako ilifika Emérence akiwa bado kitandani. Nilingoja apate nguvu, kisha nikamuuliza kama kulikuwa na kitu chini ya ule unga wa mtama. Akafikiri. Akasema, "Iko maharage yenye ilikuwa ndani ya jani ya mugomba. Ilikuwa na majivu mingi. Nilidhani majivu iliingia kwa bahati mbaya. Nikaosha muzuri, nikapika."

Dada, nilimtazama tu. Mtu yeyote wa mlimani akiona maharage yaliyopakwa majivu anajua ni mbegu, yamewekwa hivyo wadudu wasiyaguse. Lakini Emérence alikulia jikoni kwa masista, ambako maharage hutoka guniani. Mimi sikuwapo. Wiki ile ya kwanza walinipeleka Kibua kupasua mbao, nikakaa siku kumi na mbili. Alikuwa peke yake na Colette katika nyumba isiyo na mlango, mvua inanyesha, hajui mtu. Akapika ulichotupa.

Nilipomweleza maana yake alilia sana, akasema amekula baraka ya wifi yake kwa kijiko. Mama Emérita alikuwa ameketi pale akimwogesha mtoto. Akauliza tunalia nini wakati mtoto ni mzima. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Ile maharage njo ilinileta humu. Nilisikia harufu, nikasema watu wageni wamepika. Huyu mama akanipa sahani kubwa mbele hata ya kula yeye. Kama hangenipa, ningejua je kama muko watu?"

Ndivyo ilivyokuwa, dada. Alikuja na kibuyu cha mafuta ya mawese kutia ndani ya chungu chetu. Kesho yake akarudi na machipukizi ya migomba. Kesho kutwa akampeleka Emérence mtoni kumwonyesha kuloweka mihogo. Mwezi uliopita ndiye aliyempokea mtoto. Mwaka mzima nimejiuliza ni wema gani tuliomfanyia, kumbe ulikuwa wa kwako.

Umeniuliza mara mbili kilichoota, nami nikakuandikia mihogo. Nisamehe. Ulikuwa umeniachilia tangu siku ya kwanza, na mimi nilikaa mwaka na zaidi nikiomba ruhusa niliyokwisha kuila. Uliposema jibu nilikwenda nalo, nilifikiri ni unga. Nilikuona mgumu, na wewe ulikuwa umefungua mkono.

Asante, dada. Hiyo naisema sasa kwa karatasi kwa kuwa hapa huwezi kunituma maji.

Karani anataka neno langu kabla ya Noeli. Nimemwomba anivumilie mpaka Februari, amekubali kwa kuwa meza yake ina mguu mbovu. Sema neno. Sasa unaweza, maana mbegu imekwisha kutoa.

Séraphin


Burungu, tarehe 17 Januari 1954

Ndugu yangu Séraphin,

Nakubusu wewe, na Emérence, na Colette, na huyo mdogo mwenye jina langu. Mpeni maziwa, msimpe ukaidi wangu.

Polycarpe aliposoma pale pa majivu nilicheka mpaka Kanyamibwa akaja kuuliza kuna nini. Nilicheka kisha nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Mlikula jibu langu na mafuta ya mawese! Mwambie Emérence asiwe na haya. Mbegu ya maharage yetu isingezaa huko kwenye joto, ingetoa majani tu. Nilijua hivyo nilipoifunga. Niliifunga kwa sababu ya ujumbe wake, si kwa mavuno. Yeye ameipa jirani, na jirani amewapa shamba. Ningepanda mimi mwenyewe nisingevuna vizuri hivyo. Polycarpe nimemkaripia kwa kunidanganya, halafu nimempa jogoo.

Kwa hiyo kaeni. Mwambie huyo karani aandike jina lako kwa wino mzito.

Sasa na mimi nina langu. Polycarpe ameacha kuandika ananitazama. Andika, Polycarpe.

Sebarenzi wa Shasha aliniomba niwe mke wake tangu Pasaka ya mwaka jana. Ana nyumba karibu na barabara, watoto wake ni wakubwa na wana nyumba zao. Nilimwambia ninamshikia ndugu yangu mahali. Nilifikiri ukirudi ukute moto unawaka, na nikiondoka utakuta majivu. Kila barua yako niliisikiliza nikitafuta neno moja la maharage, ili nijue umeshika kule, ili na mimi niwe huru. Halikuja. Nikasema basi, hakuipokea, anarudi. Nikapanda ngazi kutengeneza paa, nikamfukuza mtu wa watu na samaki wake.

Hebu ona, Séraphin. Mimi nilikaa mlimani ili uwe na pa kurudi, na wewe ulitaka kurudi ili nisikae peke yangu. Tungeendelea hivyo hadi tuzeeke, kila mmoja akimfanyia mwenzake wema usiotakiwa.

Sebarenzi amerudi wiki iliyopita. Nilimwambia habari yote, akasema, "Mimi nauza samaki mukavu, mama. Kitu yenye inangoja haioze." Kwa hiyo sijui. Nina miaka arobaini na mmoja. Nimelala mlimani hapa maisha yangu yote, na Shasha ni mahali pa soko, watu wanapita wasiojua jina la mama yako. Shamba nitamwachia Kanyamibwa, watoto wake wana njaa nalo. Hilo ni jepesi. Lililo zito ni jingine: mimi ndiye mwenye kitunga tangu mama afe. Kila aliyehama nyumba yetu nilimpa mimi. Siwezi kujipa mwenyewe, na bila kupewa sitoki.

Sikuombi kitu. Nakupa habari tu.

Dada yako,
Nyiramana


Walikale, tarehe 28 Februari 1954

Dada,

Sote wazima. Marie ananenepa, Colette amefika ishirini na tatu, na meza ya karani imesimama. Nimeandikwa mtu wa Walikale tarehe 15, nikaenda kusali kanisani kabla hata ya kumwambia Emérence, na nilikuombea wewe kwanza.

Nimeona umesema huombi kitu. Sawa. Na mimi sikutumii kitu, ni zawadi ya njiani tu. Dereva wa lori atakufikishia kiti nilichokutengenezea kwa mti wa huku, mgumu usioliwa na mchwa, cha kuketi mbele ya nyumba yoyote utakayoketi. Pamoja nacho kuna mfuko wa unga wa mihogo.

Unga huo uchekeche wewe mwenyewe, usimpe mtu mwingine. Ufike mpaka chini. Emérence ndiye aliyefunga, na anaapa mbele ya Mama Emérita kwamba safari hii hakuosha kitu.

Sisemi zaidi, unajua hairuhusiwi. Msalimie Sebarenzi. Mwambie nilikuwa mwana wako kabla hajakuona, na anayemchukua mama wa mtu anapaswa kuja kunywa naye.

Séraphin


Shasha, tarehe 29 Agosti 1954

Kwa Séraphin na Emérence

Wapendwa wangu,

Anayeandika ni mume wangu, kwa hiyo leo siwezi kumsema vibaya. Herufi zake ni kubwa kama samaki anaouza, mtazisoma bila shida. Tuko wazima. Upepo wa ziwa ni kweli, umebeba kitambaa changu mara mbili. Jirani zangu wanauliza kila kitu, na mimi nimeanza kuwajibu. Polycarpe alikuja mwezi wa saba, akalala siku tatu, akanung'unika kwamba hana tena barua za kuandika. Kanyamibwa amelima mpaka ule ukingo ambao baba aliuogopa. Jioni nakaa kwenye kiti chako mbele ya nyumba, na wapita njia wananisalimu kama mtu aliyekuwapo zamani.

Sasa nisikilizeni.

Unga wenu ulipofika Machi, niliuchekecha peke yangu nyuma ya nyumba ya Burungu. Nilifika chini nikagusa jani. Nilifungua nikaona karanga zimepakwa majivu, nyingi mno, majivu hata kwenye uzi wa kufungia. Nilijua ni mkono wa Emérence, anaogopa kukosea tena. Nilikaa pale chini nikalia kwa sauti. Tangu mama afe, miaka ishirini na tano, nimewapa watu mbegu, na hakuna aliyenipa mimi. Nilifikiri ndivyo inavyokuwa kwa mwenye kitunga. Wiki iliyofuata nilifunga mlango nikateremka Shasha.

Nilizipanda kwenye mchanga mweusi nyuma ya nyumba ya Sebarenzi, sikumwambia mtu zilikotoka. Aliniuliza mara nyingi, nikamwambia auze samaki wake. Siku zote hizi sikuwaandikia kwa sababu hiyo tu, msidhani ni hasira. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Jana nimeng'oa shina la kwanza. Nimehesabu karanga kumi na saba kwenye shina moja. Nimeweka kiganja kimoja kwenye majivu kwa ajili ya Colette na Marie, siku watakapotaka kwenda mahali. Nyingine nimepika nikampelekea mama wa jirani, mbele hata ya kula mimi, kama Emérence alivyonifundisha.

Mwanangu Séraphin, asante. Emérence, asante. Zimetoa.

Nyiramana